Nilivyotoka Nyumbani kwa Bibi wa Kilima

Toleo jipya la kitabu chetu lilifika Muleba ndani ya begi la Munira, limeviringishwa kwenye sweta mbili ili pembe zake zisipondeke, na mimi nilikikamata kitabu kabla hata sijamuuliza mwenye begi kama alisafiri salama. Najua, ni utovu wa adabu. Mwanamke nimemkosa miaka thelathini na miwili, anashuka kwenye gari mbele ya nyumba yangu, nywele zimekuwa nyeupe, goti moja linamsumbua, na mimi nakimbilia kitabu. Mutalemwa, mwenzetu wa siku hizo, aliyetoka Nshamba asubuhi na mapema ili tumpokee pamoja, alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema Mheshimiwa hajabadilika, bado anaanza na vielelezo. Ananiita Mheshimiwa kwa sababu mimi ni hakimu wa mahakama ya mwanzo, na kwa sababu anajua nikiitwa hivyo nyumbani kwangu naudhika. Lakini kusema kweli nilikishika kile kitabu kwa woga. Kulikuwa na jambo nililotaka kumuuliza Munira tangu nikiwa na miaka ishirini, nalo ni kwa nini aliondoka Bukoba bila kuniaga, na kila nilipolifikiria swali lenyewe nilihisi kwamba jibu linanihusu mimi.

Nieleze kwanza kitabu, maana wengi wenu hamjawahi kukiona. Ni kitabu cha mchezo, ila si karata, si bao, si drafti. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anajitungia mtu wake: jina, kazi, anachopenda, anachoogopa. Msimulizi anasema umefika kwenye njia panda, mvua inakuja, kuna nyumba inatoa moshi. Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Panapokuwa na shaka mnarusha dadu. Hadithi inakwenda hivyo, wiki baada ya wiki, na hakuna hata mmoja anayejua itaishia wapi. Mchezo huu wetu unahusu wale viumbe ambao Waingereza wanasema wanaishi chini ya vilima na katikati ya misitu, wazuri wa sura, wenye muziki na karamu na masharti mengi. Kitabu kilionya kwamba hawapendi kutajwa, kwa hiyo Mutalemwa akapendekeza tuwaite Wenyeji, na Wenyeji wakawa hao mpaka leo. Jina la kitabu chenyewe kwa Kiingereza ni refu, halina kazi hapa.

Mwaka tulipoanza kuucheza nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nangoja majibu, nakaa kwa Shangazi, mtaa wa Kashai, sina kazi zaidi ya kufagia na kuchambua maharage. Munira tulisoma darasa moja. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, mojawapo ya maduka machache ya Wahindi yaliyokuwa yamebaki, na nyuma ya duka kulikuwa na stoo, na sijawahi kukaa kwenye chumba nilichokipenda kuliko hicho. Ilinuka rangi ya mafuta na kamba za katani. Meza yetu ilikuwa mlango uliokosa mnunuzi, umelazwa juu ya mapipa mawili ya misumari, tundu la kitasa bado lipo, na dadu zilikuwa zikidumbukia humo kila mara. Mama Munira alikuwa akituletea chai ya maziwa yenye iliki na bajia za moto, akiweka sinia, na kabla hajatoka alikuwa akisimama kidogo mlangoni kusikiliza hadithi imefika wapi. Mimi nilipeleka ndizi mbivu na, ikifika Novemba, senene, wale panzi wa kijani, waliokaangwa na Shangazi. Mutalemwa hakuleta kitu. Alikuwa akifika na lori la kahawa kutoka Nshamba kila Jumamosi, akipima magunia asubuhi, na alisema kwamba mchango wake ni njaa.

Shangazi alipata habari kwamba tunakaa stoo tukizungumza habari za viumbe wasioonekana, naye ni mwimbaji wa kwaya ya kanisa, sauti ya kwanza, hakuna anayethubutu kumchezea. Hakugomba. Aliuliza tu, akiwa amenipa kisogo anamenya ndizi, kama ni kweli tunawawekea mashetani kiti na chai. Nikamweleza kwamba ni hadithi, kama zile za sungura. Akasema sungura hana masharti. Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe, amevaa kama anakwenda ibadani, akakaa juu ya mfuko wa saruji na mkoba magotini. Hakufungua mdomo saa nzima. Halafu mtu wa Mutalemwa, ambaye alikuwa mwindaji mwenye kuogopa mbwa, akataka kupanda farasi mweupe wa Wenyeji, na Shangazi akamwambia kwa ukali asipande, haoni farasi yule kwato zake hazina matope? Munira alicheka mpaka machozi, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema. Tangu siku hiyo Shangazi alikuwa akinipa senene wengi zaidi na kuniuliza habari za yule mwindaji mjinga.

Munira ndiye aliyekuwa msimulizi. Kitabu kilikuwa chake, ametumiwa na binamu, karatasi za kawaida, picha nyeusi na nyeupe, jalada limeshikizwa kwa gundi. Nimesikiliza mawakili wengi katika maisha yangu, na sijamsikia mtu anayeshika watu kwa maneno kama Munira alivyotushika. Hakupaza sauti. Alikuwa akitazama lile tundu la kitasa na kusimulia, na wewe unasahau kama nje kuna watu wanauliziana bei ya mabati. Ila kuanzia mwezi wa nane hivi, ilitokea kwamba nyuma ya ukuta wa mbao baba yake na ami yake wanazungumza Kigujarati kwa muda mrefu, wakati mwingine kwa hasira, na hapo Munira alikuwa akipaza sauti. Mimi Kigujarati sikijui. Nilisikia tu neno Toronto, na Bukoba, na mama yake akisema kitu kifupi. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya duka.

Sasa, sharti kubwa kuliko yote la Wenyeji ni chakula. Ukila chao, huondoki. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi nzito, na tulilijua sote. Kwenye kitabu wanakupa mkate na asali, na tulikuwa tumekataa mikate mingi sana hiyo miezi, tumekataa matunda, tumekataa divai, Mutalemwa alikuwa amekataa mbuzi mzima wa kuchoma kwa uchungu mkubwa. Mtu wangu aliitwa Nyakato, mkunga, mwanamke mwerevu. Jumamosi moja akafika kwenye nyumba ya Bibi wa Kilima, mkubwa wa Wenyeji wote, kumzalisha mjakazi wake. Kazi ikaisha salama. Munira akasema Bibi anamshukuru mkunga, anamketisha, anafungua jani kavu la mgomba, ndani kuna kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa. Bibi anachukua mbili anatafuna, kisha anampa Nyakato kwa mikono miwili. Nami nikasema, bila kufikiri hata kidogo, "Anapokea, anatafuna."

Mutalemwa alishika kichwa. Lakini nani angekataa? Mgeni wa Buhaya anayekataa kahawa aliyopewa mkononi amemwambia mwenye nyumba usoni kwamba anamhofia sumu. Mikono yangu tangu utotoni haikuwa imefundishwa namna ya kukataa kile kitu. Ningepewa mkate na asali ningeshinda, na Munira alijua. Aliandika kwenye daftari lake kwamba Nyakato ni wa Bibi sasa, na nakumbuka alikuwa na furaha ambayo niliiona ya mtu aliyetega mtego ukanasa. Nilikasirika sana. Hapana, niseme ilivyokuwa: niliumbuka, na mimi nikiumbuka ndipo ninapokuwa mkali.

Nyakato alikaa kwa Bibi Jumamosi nne. Mutalemwa na mwindaji wake waliendelea na mambo yao nje, na mimi nilikuwa ndani ya kilima nikisimuliwa vyumba. Na vyumba vile, jamani. Kulikuwa na chumba cha mvua, ambacho mvua inanyesha kwenye kona moja tu kwa ajili ya maua. Kulikuwa na chumba ambacho unasikia sauti za watu wote waliowahi kukupenda wakizungumza mambo ya kawaida, bei ya chumvi, nani ameoa. Kulikuwa na dirisha linaloona ziwa, ziwa lenyewe hili, na kwa mbali kisiwa cha Goziba. Bibi alikuwa akimuuliza Nyakato maswali mengi, anapenda nini, anaota nini, na kumwomba amsimulie habari za barabarani. Leo ningelipa kurudi kukaa kwenye kile chumba cha sauti. Wakati ule nilitaka kutoka, basi. Nilijibu maswali ya Bibi kwa neno mojamoja, kama mtu anayesubiri zamu hospitalini.

Na nilikuwa naandaa kesi. Nilimuuliza Shangazi habari za omukago, ule udugu wa damu wa zamani, watu wawili wanachanja tumboni, wanapakana damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja anakula ya mwenzake, na tangu hapo huwezi kumdhuru wala kumzuilia mwenzako njia. Shangazi alinieleza yote huku akisisitiza kwamba yeye mambo hayo ameyasikia tu. Jumamosi ya tano nikaingia stoo nimejipanga. Nikamuuliza Munira kama kahawa ile Bibi alionja kwanza. Akasema ndiyo, mwenye nyumba lazima aonje kwanza, mbona najua. Nikamuuliza kama ilitoka jani moja. Moja. Nikamuuliza kama Bibi alikula kwa hiari yake mbele ya mgeni. Ndiyo. "Basi," nikasema, "kilichomfunga Nyakato kimemfunga na Bibi. Hawezi kumzuia dada yake mlangoni." Munira akasema kitabu hakisemi hivyo. Nikasema kitabu kinazungumzia mkate, na yeye ndiye aliyeleta kahawa, na akileta kahawa ameleta na sheria zake. Mutalemwa akapiga meza, dadu zote zikaingia kwenye tundu. Akasema hakuna rufaa.

Munira alinitazama kwa muda. Kisha akasema, taratibu, mlango uko wazi, Nyakato anaweza kwenda. Mimi ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa nimeshinda, nikasema kwa madaha kwamba Nyakato anachukua mkoba wake, hamuagi mtu, hageuki. Munira akafunga kitabu, akaingia jikoni. Chai ililetwa na mama yake, na mara hiyo hakusimama kusikiliza. Nikamwambia Mutalemwa kwamba rafiki yetu hajui kukubali kushindwa. Nilirudi Kashai natembea kwa mikogo, nikamweleza Shangazi hoja yangu mara mbili, naye akasema kwa nini nisiende kusomea sheria, na ndivyo nilivyokuja kusomea sheria. Kila hukumu niliyoandika tangu hapo imetoka kwenye ule mlango juu ya mapipa. Sijuti, na wala sitajifanya najuta. Kazi yangu naipenda na naiweza.

Jumamosi iliyofuata duka lilikuwa limefungwa. Ya pili yake kulikuwa na mafundi wanafuta jina lililokuwa juu ya mlango. Fundi cherehani wa barazani akaniambia familia ilipanda meli ya Mwanza Jumatano, na kwamba Toronto ni mbali, na kwamba binti ameniachia kitu. Kilikuwa kitabu, kimefungwa kwa gazeti. Nilikipekua ukurasa kwa ukurasa nikitafuta barua. Hakukuwa na barua. Nililia pale pale barazani, nikamkasirikia, nikaendelea kumkasirikia miaka kadhaa, mpaka hasira ikaisha na swali likabaki. Binti wa Mutalemwa ndiye aliyempata mwaka jana kupitia simu, na tukaanza kuandikiana, salamu, picha za wajukuu, habari za goti. Lile swali halikuandikika.

Basi, toleo jipya. Tulilisoma siku ya pili, sebuleni kwangu, baada ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na samaki, mvua ikiwa imetufungia ndani. Nitoe maoni yangu. Ni zuri, na lina uzito wa kitabu kinachojiheshimu. Karatasi zinang'aa, picha ni za rangi, masharti yamepangwa vizuri hata mtoto wa sekondari ataelewa. Mwanzoni kuna ukurasa unaomtaka msimulizi awaulize wachezaji ni mambo gani yatawaumiza, ili yasiguswe kwenye hadithi. Mutalemwa aliuona wa kudekeza watu, mimi nikaupenda. Wenyeji sasa wanatoka pande zote za dunia, na kuna mmoja wanadai anatoka kwenye maziwa ya Afrika, amevaa ngozi ya pundamilia. Pundamilia, ziwani! Tulimcheka sana huyo. Kisha nikafika kwenye sharti la chakula, na sikuamini. Wamelilegeza. Chakula cha Wenyeji sasa kinakufunga ukikubali mwenyewe kufungwa. Usipokubali, unakula, unashukuru, unaondoka.

Nilipandwa na jazba. Nikasema huo ni upuuzi, nyumba ambayo mtu anakula, anafuta mdomo na kuondoka ni hoteli, si nyumba, na kama Wenyeji wamekuwa wenye hoteli mimi sichezi. Nilisema mengi, nikiwa nimesimama na kitabu mkononi. Mutalemwa akanikumbusha kwamba mtu wa kwanza duniani kulivunja sharti hilo ni mimi. Nikamjibu kwamba mimi sikulivunja, nililitimiza, na nilipogeuka kumtafuta Munira aniunge mkono nikamkuta ananitazama vile vile alivyonitazama mwaka ule, kama mtu anayepima kama aseme.

Akasema alijua tangu mwezi wa nane kwamba wanaondoka. Baba yake alimkataza kutuambia mpaka duka liuzwe. Alisema kila wakibishana nyuma ya ukuta yeye alikuwa akiongeza chumba kingine kwenye nyumba ya Bibi, na kwamba alimpa Nyakato kahawa kwa sababu alitaka mtu mmoja, mmoja tu, asiyeondoka. "Hoja yako ilikuwa nzuri, Kemilembe," akasema. "Nimewaeleza watoto wangu hoja hiyo. Lakini ulifungua mlango, ukatoka peke yako. Hukumuuliza Bibi kama na yeye alitaka kutoka."

Nimekaa kitini miaka mingi nikisikiliza watu wakisema maneno ya mwisho, na siku zote huwa nina la kusema baada yao. Safari hii nilikaa chini. Jumamosi nne alinisimulia moyo wake chumba kwa chumba na mimi nikamjibu neno mojamoja. Nilimwambia samahani, nikamwambia kwamba nilimpenda kuliko marafiki wote niliowahi kuwa nao na kwamba nilikuwa mpumbavu, na sauti yangu haikuwa ya hakimu hata kidogo. Mutalemwa alikuwa amevua kofia, ameishika mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

Munira alisema hakuja kutafuta samahani, ingawa ameipokea. Akavuta kiti chake karibu na meza, akanyoosha lile goti, akaninong'oneza kama tunavyonong'onezana wachezaji pale msimulizi anapotazama pembeni: "Basi muulize sasa."

Nikakiweka kitabu mezani. Nikasema Nyakato yuko mlangoni, mkoba begani, na nje mvua imepungua. Nikasema anarudi ndani hatua tatu, mpaka pale Bibi alipoketi, na anamuuliza kama anataka kutoka. Munira alitazama meza yangu, ambayo haina tundu lolote, kisha akajibu kwa Kihaya, kile Kihaya chake cha kuuzia misumari, ambacho sikuwa nimekisikia mdomoni mwake tangu tukiwa wasichana.

"Tugende." Twende.

Mutalemwa akavaa kofia yake, akasema mwindaji yuko nje anangoja, na mbwa hawapo. Nikafunua toleo jipya kutafuta yaliyoandikwa kuhusu mahali Bibi wa Kilima anakokwenda akishatoka kilimani. Hayakuwemo. Nikaanza kuwasimulia njia.